Shuka kuukuu, foronya za kanga na haki ya mwenye cherehani

Katika kurasa hizi za familia huzungumzwa mara nyingi mambo mazito ya ndoa: talaka, eda, mirathi, uke wenza. Wiki hii tunaomba tuzungumzie shuka la kulalia lililochakaa katikati, kanga iliyopauka, na yale ambayo mke na mume wanaweza kuyafanya navyo jioni baada ya Isha kabla ya kufikiri kuvitupa. Ni mambo madogo. Hata hivyo, tulipopita katika nyumba kadhaa za Nangara, hapa mjini Babati, tulitoka na jambo ambalo hatuwezi kuliita dogo. Sindano iliyoleta furaha katika nyumba moja, katika nyumba nyingine nusura ivunje ndoa.

Nangara ni kata ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Wanaishi hapa Wagorowa, Wairaqw, Warangi wenye asili ya Kondoa, Wanyaturu na wafanyabiashara wa kila kabila. Mgeni atokaye pwani hushangazwa kwanza na baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, chini ya Mlima Kwaraa, usiku mtoto hujikunja kama jongoo, na shuka moja si kitu. Jambo la pili analopaswa mgeni kulijua ni kwamba fedha ya kaya nyingi hutoka shambani: mahindi, alizeti, na hasa mbaazi, ambazo huuzwa hata nje ya nchi. Fedha ya shamba ina tabia yake. Huja kwa mkupuo, huondoka kwa mkupuo, kisha hubaki miezi mirefu ya kuhesabu senti. Wakulima hawajausahau mwaka 2017, India, mnunuzi mkuu wa mbaazi, ilipoweka kikomo cha kuziingiza nchini mwake na bei huku kwetu ikaanguka vibaya. Mwaka wa namna hiyo, kitu cha kwanza kufutwa katika hesabu ya nyumba ni nguo. Chakula hakifutiki, ada na daftari za watoto hazifutiki, lakini nguo husukumwa mbele, na mbele huko haifiki.

Basi tuanze na shuka. Mama wa nyumba ya kwanza tuliyoingia alitukunjulia shuka la kitanda cha futi tano kwa sita. Tuliona mshono mmoja ulionyooka kutoka kichwani hadi miguuni, tukadhani ni urembo. Akacheka. Shuka hilo, alisema, ni kubwa kwa umri kuliko mtoto wake wa pili.

Siri yake ni kwamba shuka halichakai lote kwa pamoja. Huchakaa katikati, mahali panapolaliwa, pakawa pepesi kama kitunguu kilichomenywa. Kingo zake, ambazo hukunjwa chini ya godoro, hubaki na nguvu karibu kama siku lilipotoka dukani. Dawa ni kulikata kwa urefu, katikati kabisa, ukapata vipande viwili. Kisha chukua zile kingo mbili zilizokuwa nje, zilizo nzima, uziunganishe pamoja. Hizo ndizo zitakuwa katikati mpya. Sehemu iliyochakaa sasa iko pembeni. Ipunguze palipotoboka, ipige pindo, na usiku itakuwa chini ya godoro, mahali ambapo hapana mtu wa kuilalia. Mshono wa katikati lazima uwe bapa: ufungue, uzilaze kingo zake kila moja upande wake, uzipitishe tena kwenye cherehani, vinginevyo utamkera mlalaji na sifa yote itapotea. Shuka litapungua upana kidogo. Kwa sababu hiyo usingoje mpaka litoboke. Linyanyue mbele ya dirisha mchana. Ukiuona mkono wako upande wa pili, wakati umewadia.

Asiye na cherehani anaweza kuifanya kazi hii kwa mkono kwa jioni tatu au nne. Mama huyo alifanya hivyo mara ya kwanza, mumewe akiwa ameketi upande wa pili wa mkeka akipepeta mbaazi. Yeye alivuta uzi, mume akapepeta, na mtoto mwenye macho makali akapewa kazi ya kutia uzi kwenye tundu la sindano. Redio ilikuwa imeharibika, na ndiyo maana, alisema, walizungumza.

Nyumba ya pili ilituonyesha foronya za kanga. Hapa inafaa msomaji avijue vipimo. Kipande kimoja cha kanga kina takriban sentimita 150 kwa 110, na doti ni vipande viwili. Kina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, upande mrefu wa chini. Kwa mto wa sentimita 70 kwa 45, kipande kimoja kinatoa foronya mbili bila kubakiza hata kitambaa cha kufutia meza. Kikate katikati ya ule urefu wa 150, upate vipande viwili vya 75 kwa 110. Piga pindo jembamba kwenye zile ncha mbili za kila kipande zenye sentimita 75. Kitandaze sakafuni, uso ukitazama juu. Kunja kwanza upande wenye jina kuja katikati, kisha kunja upande wa pili uupande ule wa kwanza kwa kiasi cha kiganja cha mkono. Shona pembeni kulia na kushoto, kisha pindua. Ulioukunja kwanza ndio utakaotokea nje, na ule wa pili utafichika ndani kuuzuia mto usichomoke. Hakuna zipu, hakuna kifungo. Kanga kuukuu inafaa kuliko mpya, kwa kuwa imekwisha kuruka na kutoa rangi yake yote kwenye beseni. Mpya ifuliwe kwanza kabla mkasi haujaigusa.

Msomaji makini atakuwa ameona tatizo. Jina la kanga hukaa katikati ya urefu, kwa hiyo mkasi unalikata nusu: maneno ya mwanzo yanakwenda kwenye mto mmoja, ya mwisho kwenye mto mwingine. Hilo ndilo lililompendeza mwenye nyumba hii. Mto wenye mwanzo wa msemo ni wa mume, wenye mwisho ni wake. Mito ikitandikwa ovyo, msemo husomeka kinyume.

“Siku ambayo tumekwaruzana,” alituambia, “naiacha hivyo hivyo ilivyo. Akiingia akaipanga sawasawa, najua hana kinyongo nami.”

Msemo wenyewe hatutautaja. Ni wa nyumba yao.

Kwa baridi ya Babati, foronya hazitoshi. Wanawake wa Bengal, katika nchi inayoitwa leo Bangladesh na sehemu ya India inayopakana nayo, wana kazi yao ya mkono iitwayo kantha: sari zilizochakaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, zikapigwa bandi ndogo ndogo mwili mzima mpaka zikawa blanketi jepesi, na mara nyingi la kumpokelea mtoto mchanga. Kanga zetu ni pamba kama hizo sari, na njia ni ile ile. Panga vipande vitatu vilivyolainika, kile chenye afya zaidi kikae juu. Vishike kwa pini au bandi kubwa ili visiteleze, uanze katikati ukielekea nje, kwa maana ukianza pembeni kitambaa kitakusanyika katikati na kufanya vibonge. Pita mistari iliyoachana kwa upana wa vidole viwili. Ni kazi ya mwezi mzima kwa anayeifanya nusu saa kila usiku. Anayeianza Machi, Juni ikifika mtoto hajikunji tena.

Wazee hawakushangazwa na lolote kati ya haya. Bibi mmoja alitukumbusha miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nguo zilipoadimika nchini kote na watu wakapanga foleni kwenye maduka ya RTC kwa ajili ya doti moja. Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, na baadaye mitumba ikaingia kwa marobota. Kiraka cha enzi hizo, alisema, hakikumtia mtu aibu kwa sababu kilikuwa cha wote. Kiraka cha leo kina macho ya jirani juu yake. Tunadhani bibi amesema kweli, na ndiyo maana tunapendelea kazi ambazo zikikamilika hazionekani kuwa kiraka. Shati kubwa la kiume la mtumba lililokatika kola linatoa gauni zima la mtoto wa miaka mitatu, na ile mistari ya vifungo ikawa ya mgongoni. Kola yenyewe, kama ndiyo pekee iliyochakaa, inaweza kufumuliwa, kugeuzwa upande wa pili na kushonwa tena. Fundi hodari huimaliza kabla chai haijapoa.

Sasa tuje kwenye lile tulilosema si dogo.

Katika nyumba nyingine, ambayo hatutaielezea kwa kina kwa heshima yao, cherehani ya miguu ilikuwa mahari. Binti aliombwa ataje, akataja cherehani, na mume akaileta. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya raha. Mke alishona mapazia, akashona sare za shule za watoto wa ndugu, akageuza kila kitambaa kuukuu kikawa kitu. Mume alimsifu kila mahali. Kisha, taratibu, sifa ikageuka kuwa hesabu. Idi ilipofika hakununua nguo ya mkewe: “Si una cherehani?” Mtoto alipozaliwa hakununua nguo za mtoto: “Si una cherehani?” Uzi na mafuta ya mashine vikawa juu ya mke. Majirani walipoanza kuleta kazi na kulipa, fedha ile ikawa ya sukari, na baadaye ya unga. Siku moja mke aliifunika cherehani kwa shuka na hakuishona hata bitana kwa muda wa miezi sita. Walipofikishwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, mume alilalamika kwamba mkewe amekuwa mvivu.

Tunawajua wanaume wema wengi waliotumbukia humo bila kukusudia. Ubanaji wa matumizi ni sifa, na Uislamu umeukemea ubadhirifu kwa lugha kali. Lakini mke anayebana matumizi hamwondolei mume wajibu wake. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah (s.w.) amemwekea baba wa mtoto chakula cha mama na mavazi yake kwa namna inayokubalika kwa desturi njema. Mavazi yametajwa hapo waziwazi, sambamba na chakula. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya haki ya mke, alijibu kwamba mume amlishe anapokula na amvishe anapovaa. Na ile cherehani yenyewe, kwa kuwa ni mahari, ni mali ya mke peke yake. Suratun Nisaa, aya ya 4, inamruhusu mume kula tu kile ambacho mke amempa kwa ridhaa ya nafsi yake.

Je, mke asimsaidie mumewe? Amsaidie, na malipo yake ni makubwa, lakini ni makubwa kwa sababu si deni. Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.), alitaka kujua kama sadaka anayompa mumewe na mayatima walio chini yake inamtosheleza. Jibu la Mtume (s.a.w.) lilikuwa kwamba ana malipo mawili: ya ujamaa na ya sadaka. Asingestahiki malipo ya sadaka kama fedha ile ingekuwa ya mume tangu mwanzo. Na Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.) alikuwa fundi wa mikono, akitengeneza ngozi na kuishona, na kile alichokipata alikitoa sadaka. Hatukusoma popote kwamba alipangiwa matumizi.

Wazee wale wa Nangara, tunavyosimuliwa, hawakutoa mawaidha marefu. Waliuliza maswali mawili: cherehani ni ya nani, na uzi ananunua nani? Mwisho wakaafikiana. Vitambaa vya nguo za nyumba hiyo, uzi, sindano na mafuta ni juu ya mume. Kushona kwa ajili ya nyumba ni hisani ya mke, akichoka hashurutishwi, na nguo itapelekwa kwa fundi. Kazi ya majirani na malipo yake ni ya mke, na akipenda kununua sukari atanunua, na atashukuriwa. Cherehani ikafunuliwa wiki ile ile.

Tunaongeza letu. Kuna wanaume wanaoona haya kushika sindano nyumbani, ilhali mafundi wengi tuwaonao kwenye baraza za maduka mjini Babati, wamekaa juu ya cherehani kutwa nzima, ni wanaume. Sindano ikileta fedha ni ya kiume, na ikileta foronya ni ya kike? Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa alichokuwa akikifanya Mtume (s.a.w.) nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na imepokewa kwamba alishona nguo yake na kurekebisha viatu vyake mwenyewe. Mume asiyejua kushona anaweza kushika ncha ya pili ya kitambaa kinapokatwa, kazi ambayo mtu mmoja huifanya vibaya siku zote. Anaweza kutia mafuta cherehani na kukaza mkanda wake. Anaweza kurudisha kifungo cha shati lake mwenyewe, naye akifanya hivyo mara moja atavifungua vifungo kwa adabu zaidi.

Pwani na visiwani kuna mapokeo ambayo tungependa yapande huku milimani kwa wingi: kofia ya viua inayoshonwa kwa mkono, yenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi moja moja, ambayo mke humshonea mume wiki baada ya wiki. Anayeivaa siku ya Idi amebeba kichwani saa zisizohesabika za mtu aliyemfikiria. Kofia kama hiyo haiombwi, wala haidaiwi.

Kuhusu sare za harusi tutasema machache, ingawa yanatuuma. Kila shughuli sasa ina kitenge chake, na mwanamke mwenye ndugu wengi anaweza kushona magauni manne kwa mwaka ambayo hatayavaa mara ya pili. Mke aliyeokoa shuka tatu mwaka mzima huipoteza akiba yote kwa sare moja. Kama ni lazima, basi kitenge kichaguliwe kwa kuangalia kitakachofuata: kingine kiwe pazia, kingine mfuko wa sokoni, ambao una kazi kila siku tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Mfuko wa kitenge wenye tabaka mbili na mshikio ulioshonwa mara mbili unabeba kilo tano za unga bila wasiwasi.

Kwa wanaotaka kuanza, wakati mzuri ni Shaaban. Mafundi huelemewa katika kumi la mwisho la Ramadhani, bei hupanda, na usiku ambao ungetumiwa kwa ibada hupotea katika kuulizia nguo ambayo haijakatwa. Nguo ya Idi ya mtoto ishonwe mapema, na iwe na pindo refu la ndani, la vidole vinne, ili mwakani ishushwe. Sare ya shule nayo ni hivyo hivyo: inunuliwe kubwa Januari, ipandishwe kwa bandi ya mkono isiyoacha alama, ishushwe mtoto anaporefuka.

Tulipopita tena kwa mwenye cherehani ya mahari, alikuwa na kanzu ndogo nyeupe chini ya sindano, nayo imesimama nusu. Mume alikuwa amenunua uzi kama walivyoafikiana, lakini ameleta mweusi. Yeye alishikilia kwamba usiku, chini ya taa ya duka, ulionekana mweupe kabisa. Mke hakubishana naye. Alimpa kipande cha ile kanzu akiweke mfukoni, na baba akarudi dukani.